Tuzo kwa Wasomi Wetu
Maneno ya wahasibu wa Makangale kwenye mkutano wa mwaka wa kuchangia



Tumetakiwa tuseme machache juu ya pendekezo lililomo katika ajenda ya mwaka huu, nalo ni kuanza kuwatunuku wasomi wa Makangale waliofika mbali, hasa waliosoma biashara, fedha na uhasibu. Kamati imetuchagua sisi kwa sababu wengi wetu tumetoka katika vyuo hivyo, na pengine kwa sababu wahasibu hawana sifa ya kuhutubia kwa muda mrefu. Tutajitahidi tusiiharibu sifa hiyo.

Pendekezo limeletwa kwa nia njema. Vijana waliolileta wameona mambo ya vyuo vya biashara mijini: wahitimu wa zamani huitwa, wasifu wa kila mmoja ukasomwa, akapewa ngao ya kioo, picha ikapigwa, na baada ya hapo ni chakula. Tumehudhuria hafla za namna hiyo na makofi tumepiga. Hatusemi ni jambo baya. Tunaomba tu, kabla Makangale haijalichukua, tulifungue kama tunavyofungua daftari la hesabu, tuone ndani muna nini.

Mtindo huu si wa jana. Skuli ya biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ilianzishwa mwaka 1908, na tangu mwaka 1968 imekuwa ikitoa tuzo kwa wahitimu wake waliofanya makubwa. Vyuo vingine vingi vimefuata njia hiyo. Sababu zake zinaeleweka. Mwanafunzi aliyeko darasani anamwona mtu aliyekaa kwenye kiti kile kile miaka 20 kabla yake, naye anapata moyo. Chuo nacho kinapata la kujivunia. Lakini ipo sababu nyingine isiyoandikwa kwenye kadi ya mwaliko, na mhasibu yeyote anaijua: mtu aliyetunzwa ni vigumu kukataa anapoombwa mchango. Ngao ya kioo ni gharama ndogo inayotangulia mapato makubwa.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa hili. Neno lenyewe, tuzo, tumelitoa katika kutunza, na kutunza tunakujua tangu kwenye taarabu. Mtu huinuka na noti yake mkononi, hupita mbele za watu taratibu, humtunza mwimbaji, na ukumbi mzima huona ni nani na katoa nini. Mwimbaji anafurahi, aliyetoa anafurahi zaidi. Hapana ubaya kwenye taarabu. Tofauti ni kwamba pale kila mtu anajua kuwa ni taarabu.

Ugumu wa kwanza wa tuzo za wasomi ni wakati. Mtu hutunzwa akiwa juu, na akiwa juu ndipo vitabu vyake vinapokuwa havijakaguliwa vizuri. Mfano ambao kila mwanafunzi wa uhasibu anausoma ni wa kampuni ya Enron ya Marekani. Jarida la Fortune liliitaja miaka 6 mfululizo kuwa ndiyo kampuni yenye ubunifu kuliko zote katika nchi ile. Mkuu wake, Jeffrey Skilling, alikuwa mhitimu wa Harvard wa mwaka 1979. Desemba 2001 kampuni ilifilisika, ikadhihirika kwamba madeni yalikuwa yamefichwa nje ya vitabu na faida ilikuwa imeandikwa kabla haijapatikana. Wafanyakazi wengi walipoteza akiba zao za uzeeni. Skilling alitiwa hatiani mwaka 2006. Sifa zote zile zilitolewa na watu wenye akili zao, tena wasomi. Walichokosa ni subira ya mkaguzi.

Hatumfananishi mtu yeyote wa Makangale na Enron. Tunasema tu kwamba cheo si hesabu iliyofungwa. Anayetakiwa kutunzwa na kijiji ni yule ambaye kazi yake imeshaonekana mwisho wake, au angalau sehemu yake moja imeshakaguliwa ikakutwa safi.

Upo mfano mwingine, nao unatupendeza zaidi. Vyuo vya biashara vya Marekani vina desturi ya kuuza jina. Mhitimu tajiri akitoa fedha nyingi, skuli nzima inaitwa kwa jina lake. Mwaka 2007 wahitimu 13 wa skuli ya biashara ya Chuo Kikuu cha Wisconsin walitoa kwa pamoja dola milioni 85, wakaweka sharti: skuli isipewe jina la mtu yeyote kwa muda wa miaka 20. Yaani walilipa ili jina lisiwekwe. Wenzetu wa ng'ambo waliliona hilo kuwa jambo la ajabu likaandikwa magazetini. Hapa kwetu mzee angeuliza, la ajabu ni lipi? Sadaka ya siri tunaijua. Visima na misikiti mingi ya Pemba haina kibao cha jina, na maji yanatoka na sala inasimama.

Sasa turudi kwenye vyuo vyetu wenyewe, maana hapo ndipo penye deni. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Mlimani wakaanzisha kitivo cha biashara mwaka 1979. Hapa Zanzibar tukawa na Chuo cha Uongozi wa Fedha Chwaka, ambacho sasa kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kikiwa ndiyo skuli yake ya biashara. Ukiziangalia tarehe hizo utaona sababu. Nchi ilikuwa imejitawala karibuni, na wenyeji waliokuwa na sifa za kufunga hesabu za wizara au benki walikuwa wachache mno. Vyuo vilijengwa kwa fedha za umma ili watoto wa watu wasio na kitu wajue kushika daftari.

Na fedha za umma za Zanzibar zilitoka wapi? Kwa miaka mingi zilitoka kwenye karafuu, na sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar ni ya Pemba. Zilichumwa na baba zetu juu ya mikarafuu, zikachambuliwa na mama zetu usiku, zikaanikwa majamvini, zikauzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Kwa hiyo mhitimu wa Makangale anaposema kuwa chuo kimemfikisha, aseme pia ni nani aliyekilisha chuo. Sisi tunaosema haya ni wadaiwa, na mkopo huu hauna tarehe ya mwisho.

Hapo ndipo tunapotofautiana kidogo na pendekezo lilivyoandikwa. Linataka tuwatunze waliofika. Sisi tunaona kutunza kwenye faida kubwa ni kule kunakotangulia. Chukueni mfano unaojulikana na nchi nzima. Rais Samia Suluhu Hassan alianza kazi mwaka 1977 akiwa karani katika wizara ya mipango hapa Zanzibar. Baadaye alisoma Mzumbe, wakati huo Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, akahitimu mwaka 1986 katika utawala wa umma. Leo Mzumbe ina haki ya kujivunia mhitimu huyo, na hapana chuo kisichotaka kumpa heshima. Lakini thamani kubwa ilikuwa siku ile karani alipopata nafasi ya kwenda kusoma. Aliyemfungulia mlango siku ile, awe nani, hakuwa na kamera.

Makangale ina makarani wangapi wa namna hiyo? Wapo waliomaliza skuli wakafaulu, barua ya chuo ikaja, kisha tarehe ya kujisajili ikapita kwa sababu ya kitu ambacho mjini kinaonekana kidogo. Hebu hesabuni safari ya mtoto anayetoka hapa kwenda Chwaka. Gari mpaka Konde, Konde mpaka Chake, Chake mpaka Mkoani, na hapo ameshakipita kisiwa kizima kutoka ncha ya kaskazini mpaka kusini. Kisha boti mpaka Unguja, kisha daladala mpaka Chwaka. Akifika anatakiwa awe na godoro, na fedha ya kula mpaka mambo mengine yatengemae. Mkopo wa serikali, kwa anayeupata, haumpokei bandarini. Wiki mbili za mwanzo ndizo zinazowarudisha watoto nyumbani.

Wapo pia waliomaliza shahada na wanafanya kazi ndogo ndogo huku wakitafuta cheti cha Bodi, CPA. Mitihani hufanyika Mei na Novemba, kila mtihani una ada yake, na anayeanguka somo hulipia tena kulirudia. Huyu hana mkopo, na jamaa zake wanadhani ameshamaliza kusoma kwa hiyo yeye ndiye wa kuombwa. Tunawajua vijana watatu au wanne walioacha wakiwa wamebakisha masomo machache tu. Kwa mhasibu, kuacha hapo ni sawa na mvuvi kukata nyavu zikiwa zimeshajaa samaki.

Kwa hiyo ombi letu kwa mkutano ni hili. Tuzo ziwepo, lakini zisile fedha ya mfuko. Tuseme tunataka ngao 10 na kila moja ni shilingi 80,000: hizo ni shilingi 800,000 kabla ya ukumbi na kabla ya pilau. Heshima inaweza kutolewa hapa hapa, chini ya miembe, kwa kusomwa jina la mtu na kazi yake na kuombewa dua. Na anayetunzwa apewe mzigo pamoja na sifa: mtoto mmoja wa kumfuatilia, kuanzia barua ya chuo mpaka cheti, na siku moja kwa mwaka ya kurudi skuli yetu kuwafundisha watoto kushika daftari la mapato na matumizi. Asiyekuwa na nafasi ya mzigo huo tutampenda vile vile, ila jina lake lisubiri.

Jambo la pili tunalisisitiza zaidi. Anayekusanya fedha asiwe ndiye anayechagua wa kutunzwa. Tunaijua jumuiya moja, hatutaitaja, iliyompa mfadhili wake ngao kubwa kwa ahadi aliyoitamka kwenye kipaza sauti. Ngao ipo sebuleni kwake hadi leo na ahadi ipo hewani. Sisi katika kazi yetu tunakuita kule kutenganisha majukumu: mwenye ufunguo asiwe mwenye daftari.

Tena hilo tusijidai kuwa tumelileta sisi kutoka chuoni. Akina mama wa vikundi vya hisa wanalifanya kila wiki. Mtindo ule shirika la CARE lilianza nao Niger mwaka 1991, baadaye ukafika Zanzibar, Pemba ikiwemo. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, na jumla ya wiki iliyopita hutajwa kwa kichwa kabla sanduku halijafunguliwa. Tumekaa madarasani miaka mitatu tukisoma udhibiti wa ndani, na tuliporudi tukakuta mama zetu wanao. Ikiwa Makangale inataka kutunza mtaalamu wa fedha, orodha isianzie Dar es Salaam. Ianzie kwa mama aliyeshika ufunguo miaka 10 na sanduku halijapungua shilingi. Hana shahada, na hapana chuo kitakachomwita kwenye hafla yake. Basi tumwite sisi. Katika pendekezo lililoandikwa hatumwoni, na tunaomba neno "wahitimu" lifutwe liwekwe "watu".

Najua wapo watakaosema, na baadhi ya masheikh wetu walishatuambia, kwamba kutaja majina na viwango kunakaribisha ria. Tumelifikiri sana hili, kwa sababu kijitabu hiki hiki kinachapisha majina ya wachangiaji kila mwaka. Maoni yetu ni kwamba orodha ile mmekuwa mkiisoma vibaya. Watu wanaisoma kama sifa: fulani katoa laki tano, fulani elfu kumi. Sisi tunaisoma kama stakabadhi. Aliyetoa elfu kumi huko Tanga, akampa mtu amletee, hana njia nyingine ya kujua kuwa elfu kumi ile ilifika ikiwa elfu kumi. Akifungua kijitabu akaikuta, ameshamkagua mshika fedha bila kupanda boti. Ukiyaondoa majina yote kwa ajili ya kuogopa ria, umemwondoa na mkaguzi.

Wakfu nao una mafunzo hapa. Mtu anapoweka shamba wakfu kwa ajili ya msikiti, jina lake huandikwa kwenye hati, na hapana anayesema kajionesha. Limeandikwa ili mali isipotee: ijulikane ni ya nani, kwa ajili ya nini, na nani msimamizi. Ndiyo maana serikali ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Jina kwenye hati ni ulinzi wa mali.

Na kwa anayetaka sadaka yake iwe ya siri, njia ipo rahisi. Apewe stakabadhi yenye namba, na katika orodha badala ya jina ichapishwe namba ile na kiwango. Yeye peke yake na mshika fedha ndio watakaojua. Siri yake imebaki, na ukaguzi umebaki. Mwaka huu tumeomba kamati ifanye hivyo, na imekubali. Tumeomba pia orodha iwe na safu mbili, moja ya ahadi na nyingine ya fedha iliyopokelewa. Ahadi si fedha. Si matusi kwa aliyeahidi, ni namna ya kumkumbusha kwa adabu, na mwakani safu zote mbili zitasomwa tena hapa.

Kuhusu kiasi, hatutaki kutishana. Tukipatikana watu 200 tu, wa hapa na wa nje, kila mmoja akatoa shilingi 5,000 kwa mwezi, ni milioni moja kila mwezi, milioni 12 kwa mwaka. Elfu tano mjini ni sahani moja ya chakula na soda. Fedha hiyo iwekwe benki kwa saini tatu, moja yake ya mwanamke. Itumike kwa mambo matatu pekee: safari na wiki za mwanzo za anayekwenda chuo, ada za mitihani ya Bodi kwa aliyefaulu nusu ya safari, na vitabu vya hesabu vya skuli. Fedha ya kukarabati na ya mambo mengine ya kijiji iwe kwenye mfuko wake, zisichanganywe. Mifuko ikichanganywa, anayeumia ni mtoto, kwa sababu yeye hana sauti kwenye kikao.

Sisi wahasibu tunaotoa maneno haya tumekubaliana kufanya kazi ya ukaguzi bila malipo. Wawili kati yetu ambao hawamo kwenye kamati na hawana mtoto anayesaidiwa na mfuko watapitia vitabu kila mwezi wa Disemba, na ripoti ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kusomeka, itabandikwa skuli na kwa Sheha. Mwenye suali aulize, hata kama ni mtoto wa darasa la tano. Tena afadhali akiuliza yeye.

Majina ya kutunzwa mwaka huu hatujaleta hata moja, na hilo tumelikusudia. Mfuko ufunguliwe kwanza, uende mwaka mzima, ukaguliwe. Mkutano ujao kamati ya uchaguzi, ambayo haitakuwa na mshika fedha ndani yake, ilete majina matatu, na mmoja angalau awe mtu anayeishi hapa Makangale.

Meza ya michango ipo upande wa mlango wa skuli. Vipo vitabu viwili vya stakabadhi: cha kijani ni cha mfuko wa masomo, cha buluu ni cha shughuli za kijiji. Kabla hujatoa fedha sema ni kipi, na usiondoke bila karatasi yako. Walioko mbali wampigie mshika fedha kwanza, watume, kisha wadai namba ya stakabadhi siku hiyo hiyo. Wanaotaka namba badala ya jina wamwambie wakati wa kuandika.